Kingo Zisizoonekana

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Hatujambo, ila mafua ya watoto, na hayo kwetu si habari tena. Bi Mkubwa ametimiza miaka minne na sasa ndiye anayetutawala. Juzi bosi wangu alipita kuchukua sare nilizomalizia nyumbani, Bi Mkubwa akamwambia avue viatu, na bosi, mtu mzima na kitambi chake, akavua. Bonge ameota jino la pili. Akinyonya ananing'ata makusudi, nikipiga kelele anacheka. Baba yao yuko barabarani na lori. Alipiga simu Jumapili, mtandao ukakatika akiwa anasema "Mwambie." Mpaka leo sijui nimwambie nani nini. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula.

Majirani wananiuliza umeenda wapi. Nawaeleza kama ulivyonieleza mimi: kwamba kuna jumba kubwa lililokuwa ghala, limezibwa kila upenyo, mko sita humo ndani, mtakaa mwaka mzima mkijifanya mko kwenye sayari ya Mirihi, chini ya shimo lililochimbwa na jiwe lililotoka angani. Na mwaka ukiisha, wawili kati yenu watachaguliwa waende huko kweli. Mama wa duka la hapo chini akanikatiza: "Yaani kaacha kazi ya kutengeneza pampu akakae ghalani?" Nikamwambia humo ghalani ndimo anamotengeneza pampu. Hapo akaelewa.

Mama ndiye haelewi, au hataki. Kila nikirudi kazini ananipokea na swali. "Hilo shimo lina kina gani? Blanketi anayo?" Nimemwambia nitakuuliza. Basi andika, lakini eleza kama unayemweleza yeye, si kama unavyowaeleza wakubwa zako.

Tumbo linamsumbua kidogo. Anasema ni gesi. Masharti nayajua. Wewe mwenyewe uliwaambia watu wa ofisi, mbele yangu, kwamba habari mbaya za nyumbani usipewe mpaka utoke, nami nikaitikia, Bonge akiwa mgongoni na sufuria inafurika jikoni. Kwa hiyo hii si habari mbaya. Ni gesi.

Mimi dada yako

3 Machi

Dada,

Nakusalimu wewe na kikosi chako chote. Mpe Mama shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya siku zote ambazo sikuandika. Mwambie Bi Mkubwa mjomba anamwogopa hata akiwa Mirihi.

Barua yako imenifikia leo, ikasukumwa kwenye kidirisha pamoja na unga na sabuni. Tunaye mama mmoja ofisini, tunamwita Msomaji, sura yake hatuijui. Kila barua inapita kwake, kisha inalazwa wiki mbili tatu. Kwa kweli ujumbe kutoka Mirihi ungefika kwa dakika chache tu, lakini ofisi inataka tuonje umbali. Kuonja, tumeonja. Hata siku zetu si zenu. Siku ya Mirihi inaizidi ya kwenu kwa dakika kama arobaini, na sisi tunaifuata hiyo, basi asubuhi yetu inateleza kila siku. Kuna wiki nakunywa chai nyinyi mkiwa mnakoroma.

Sasa mwambie Mama hivi. Zamani sana, kabla hakijawapo chochote chenye pumzi, jiwe kubwa mno lilikuja likaigonga Mirihi upande wa kusini. Halikuacha kishimo cha kutupia taka. Liliacha shimo ambalo, kama kungekuwa na barabara, shemeji angelivuka na lori lake kwa siku tatu na bado angelalamika mgongo. Kina chake ni kilomita saba hivi. Wamelichagua kwa sababu chini kabisa hewa ni nzito kidogo kuliko pengine, ingawa bado si ya kuvuta, na kwenye miteremko yake kuna barafu iliyofukiwa na mawe. Barafu ni maji, na maji yanataka pampu. Ndiyo maana nimo.

Tuna ukumbi wa mazoezi wenye mchanga mwekundu na mawe, kuta zake zimechorwa. Siku ya kwanza nilizitazama nikasema, "Mchoraji kawaibia. Ukingo wa shimo uko wapi?" Yule tunayemwita Mtu wa Mawe, maana ndiyo elimu yake, akacheka mpaka akakohoa. Akasema shimo ni pana mno. Ukisimama chini, kila upande unaona uwanda tu. Mtu angeweza kuzaliwa humo, akazeeka, asijue kamwe kwamba yuko shimoni.

Wengine ni Daktari, anayekoroma, na Mapacha, ambao si ndugu ila hawajawahi kubishana. Mkubwa wetu tunamwita Nahodha, mwanamke mkali aliyekuwa rubani. Ana mtoto wa umri wa Bi Mkubwa. Picha yake ameibandika ndani ya mlango wa kabati, si nje.

Blanketi ninayo. Mama akibanwa na gesi apewe maji ya moto. Kama si gesi, dada, usiniandikie. Nilisema nje na narudia nikiwa ndani. Baba nilikaa naye mimi. Wewe ulikuwa umeshaolewa, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, mimi ndiye niliyemfunga kidevu. Siwezi kubeba hilo tena nikiwa kati ya kuta za kuchorwa. Na wanaovunjika hawachaguliwi.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu, ingawa leo sina mkono wa kuziandika. Watoto hawajambo. Bonge nakwenda naye kazini siku hizi, analala kwenye kapu chini ya meza ya kukatia vitambaa, na vipande vikimwangukia anavila. Utauliza kwa nini simwachi na Mama. Ndilo neno lenyewe.

Si gesi. Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari ni kijana wa rika lako, akaniambia nikae. Nikamwambia nitasimama, huyu wa mgongoni nikikaa anaamka. Akaanza kunieleza mimi, Mama akamkatiza: "Niambie mwenyewe, tumbo ni langu." Akamwambia. Ni ini, lina uvimbe, na umeshasambaa. Mama akauliza, "Mpaka lini?" Akajibu kwamba labda miezi mitatu, labda isifike. Mama akafunga vifungo vya blauzi yake polepole, kimoja akakiruka, nikamrekebishia kama mtoto. Akamshukuru yule kijana. Akamwambia anakonda, atafute mke.

Njiani akasema, "Mwite kitinda mimba wangu."

Nikamwambia, "Mama, kuna masharti."

"Ya nani?"

"Yake."

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha jikoni akachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Mdogo wangu, mlango huo hauna kufuli. Uliniambia mwenyewe: mtu akisema nataka kutoka, wanafungua. Basi sema. Najua ulichokiona kwa Baba. Sikuombi umgeuze, nitamgeuza mimi. Njoo ukae tu kwenye kiti.

Mimi dada yako

[Chini ya barua hii, kwa kalamu ya kijani: Inarudishwa kwa mwandishi kulingana na makubaliano. Tafadhali andika upya bila mambo ya afya. Pole sana, mama. Msomaji.]

10 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Watoto hawajambo. Bi Mkubwa amejifunza kuandika herufi moja na ameiandika kila mahali, mpaka kwenye mlango wa choo cha majirani. Mvua imenyesha. Kazini tunashona sare za muhula mpya, kola mia mia, vidole vyangu vimekuwa kama vya fundi viatu. Mama anakusalimu.

Mama Msomaji, wewe unayepitia hapa kwanza, soma mpaka mwisho. Hutakuta afya ya mtu yeyote.

Mdogo wangu, nakuomba utoke. Usiniulize kwa nini, maana sina ruhusa ya kujibu, na nikijibu haitafika. Sina habari ya kukupa. Nina ombi tu, na ombi si habari. Tangu tuzaliwe nimekuomba mambo mangapi? Sikukuomba uje siku nilipojifungua, na hukuja, nikanyamaza. Sikukuomba ubaki ulipopata kazi hii. Nilikupigia pasi mashati.

Sasa nakuomba. Toka, uje nyumbani, hata kwa siku moja.

Mimi dada yako

5 Mei

Dada,

Salamu kwenu nyote. Herufi ya Bi Mkubwa ningeipenda hapa kwenye ukuta wetu uliochorwa, angalau kiwepo kitu cha kutazama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeigeuza, nimeisoma nyuma mbele. Sikuona kitu ndani yake, na ndivyo nilivyotaka.

Naomba unielewe. Mlango huu ukifunguliwa kabla ya wakati, zoezi limekufa kwa wote sita. Hewa ya nje ikiingia, imeingia. Mapacha waliuza vitu vyao vyote wakaja. Mtu wa Mawe amelingoja bonde hili, ndilo shimo letu, tangu ana nywele nyeusi. Nahodha ana mtoto nje, na wiki iliyopita alipata barua yenye mstari mmoja tu: "Huku salama." Tulimwona akiishika kwenye taa kama anayetafuta maandishi nyuma yake. Kisha akaikunja akaenda kupima mizani ya hewa. Mimi ni nani niseme nataka kutoka?

Pampu ya pili ilikufa, nikaifufua kwa mpira wa soli ya kiatu. Daktari akanibusu kipaji cha uso. Wanasema jina langu linatajwa kwa uzuri ofisini.

Msomee Mama hii. Kwenye bonde letu ndiko vumbi linakoanza. Upepo unateremka kutoka kwenye miinuko, unaingia humo ndani, unainua vumbi jekundu, na kuna miaka ambapo vumbi hilo linapanda juu, linatapakaa, linaifunika sayari nzima. Miezi mtu haoni jua. Halafu linatua, kimya, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa, ila kimepakwa rangi. Mwambie nikifika huko nitafagia.

Mwambie aniandikie japo neno moja. Na wewe usiniombe tena.

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Bonge anasimama kwa kushika meza, Bi Mkubwa anamhesabia kwa sauti kama mwamuzi wa ndondi. Baba yao alikuja akalala huku siku mbili, akarekebisha bawaba ya dirisha la Mama, akaondoka.

Barua yako nilimsomea Mama jana. Nilisoma polepole, mara ya pili akaniambia niruke mambo ya pampu. Uliposema utafagia alicheka, na mimi nikacheka kwa sababu ya yeye kucheka. Akataka nirudie pale uliposema mtu anaweza kuzaliwa shimoni asijue. Hiyo ni ya barua ya Machi, nikaitafuta. Akasikiliza akiwa amefumba macho.

Halafu akasema, "Basi yumo."

Nikamwambia, "Amesema umwandikie neno. Nimwandikie nini?"

Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Akasema: "Mwambie sina salamu za kutuma shimoni. Akizitaka, azifuate."

Nikamwambia, Mama, punguza. Akasema hapunguzi.

Kwa hiyo mara hii Mama hakusalimu. Mama Msomaji hawezi kuirudisha hii. Hakuna ugonjwa humu, ni mzazi kamkasirikia mwanawe, na hilo lipo kila nyumba.

Umesema nisikuombe tena. Sikuombi. Nimefikisha ujumbe.

Mimi dada yako

14 Juni

Mdogo wangu,

Najua hii itarudi. Naiandika iwe imeandikwa.

Mama alifariki Jumatano mchana. Tumemzika jana. Nimempigia Msomaji simu nikamwambia, hata hili? Akaniambia, hili ndilo hasa mdogo wako aliloliogopa. Nikamwambia alikuwa hajui anachokisema, alikuwa kijana anayetaka kazi. Msomaji akalia. Nikamwambia, ukilia utamwambia? Akasema hapana.

Dada yako

[Kwa kalamu ya kijani: Inarudishwa. Nimeisoma mara moja tu, sikumwonyesha mtu. M.]

20 Juni

Dada,

Salamu nyingi. Barua yako ya tarehe 28 imenifika leo.

Mama hajawahi kuninyima salamu. Hata nilipovunja kioo cha mwenye nyumba, hata nilipoacha shule, alinipiga, kisha akaniuliza nimekula. Nilikaa na karatasi yako pale kwenye mchanga mwekundu mpaka taa zikapunguzwa. Kisha nikaenda mlangoni.

Ni mlango wa kawaida tu, dada, wa bati, una kitufe. Unabonyeza unasema jina lako. Nilikuta Nahodha ameketi hapo kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama anayengoja gari.

Akaniuliza, "Nani?"

Nikasema, "Mama yangu."

"Amekuambia nini?"

"Amekataa kunisalimu."

Akafikiri. Akasema, "Mwanangu ananisalimu kila barua, kwa maneno yaleyale. Nadhani wanamtungia tu." Kisha akasogea akanipa nusu ya ndoo. Tukakaa hapo, bega kwa bega, makalio yakituuma. Hakunizuia. Nataka ulijue hilo. Aliniambia, "Ukibonyeza sitakulaumu, na mimi nitatoka mbio kukupita." Nadhani alikuwa anangoja nibonyeze.

Nikasema kesho. Yeye akasema, haya, kesho. Kesho yake pampu ikaharibika tena.

Mwambie Mama miezi iliyobaki si mingi. Nikitoka nitazifuata hizo salamu kwa magoti, kutoka kituo cha basi mpaka jikoni, na majirani waone.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Hii nayo itarudi, lakini safari hii si kwa kosa langu.

Kazini tuna redio juu ya kabati la nyuzi. Jana tulikuwa tunatoboa matundu ya vifungo, taarifa ikasema shirika lenu limefuta safari ya kwenda kwenye bonde la Mirihi. Halijasogeza tarehe, limefuta. Pesa zimepelekwa kwenye mambo mengine, watu wamepewa barua za kuachishwa. Mwenzangu wa cherehani ya pili akasema, "Si ndiko alikokwenda mdogo wako?" Nikasema ndiko. Akasema, "Basi atarudi." Nikaacha sindano kwenye kitambaa nikatoka nje kupiga simu.

Msomaji alipokea upesi, kama aliyeniona nikija.

Nikamuuliza, "Wameambiwa?"

"Bado."

"Wataambiwa lini?"

"Wakitoka. Januari."

"Kwa nini?"

"Ni habari mbaya, mama. Wote sita walisema wasipewe habari mbaya."

"Ya nyumbani kwao! Hii ni ya kwenu."

"Tulilijadili kwenye kikao. Ikaonekana ni ileile."

"Sasa humo ndani wanafanyia mazoezi nini?"

Nikasikia mtu anasogeza viti huko kwake. Akasema, "Tunajifunza jinsi watu wanavyokaa."

Nikamwambia waje kwangu watajifunza bure. Akacheka kidogo, halafu akaomba radhi kwa kucheka. Akaniuliza kama Bonge ameanza kutembea. Anawajua wanangu wote kwa kunisoma. Sikuweza kumchukia, mdogo wangu, na hilo ndilo limenimaliza, maana ningepata mtu wa kumchukia ningelala.

Kwa hiyo mnalindwa. Mnapima hewa, mnafukua barafu ya kuigiza, na hakuna anayekwenda popote.

Mimi dada yako

[Kwa kalamu ya kijani: Inarudishwa.]

9 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Bi Mkubwa anakusalimu. Bonge ametembea hatua chache kutoka kitandani hadi mlangoni, akaangukia viatu. Shemeji yako anakusalimu. Mama wa duka anakusalimu. Mimi nakusalimu.

Hao ndio wanaokusalimu.

Dada yako

12 Septemba

Dada,

Salamu zenu zimenifika. Nimezipokea zote kama ulivyoziandika.

Hongera kwa Bonge. Mwambie aangalie chini, mjomba wake naye huanguka hivyo.

Huku tunaendelea. Nahodha hakai tena pale mlangoni, ndoo ameirudisha stoo. Mtu wa Mawe ameanza kutufundisha jinsi ya kuchagua mahali pa kuweka nyumba, kwenye ramani ya bonde lenyewe, na kila mmoja amechagua kiwanja chake. Mimi nimechagua karibu na mteremko wa mashariki, penye barafu. Daktari anasema nimechagua mbali na watu. Mapacha wamechagua viwili vilivyopakana. Tunaviita kwa majina yetu, tunagombana mipaka. Nahodha ameniambia kwa siri kwamba akiulizwa atanitaja mimi kuwa mmoja wa wale wawili. Aliniambia hivyo nikiwa nimelala chini ya tangi, nikajifanya sijasikia ili nilie vizuri.

Hukuniletea salamu za Mama, na mimi siulizi. Tafadhali nawe usinielewe vibaya. Siulizi, basi.

Ukiandika, andika ya watoto. Andika wanavyogombana. Andika bei ya sabuni. Sitaki kingine mpaka nitoke.

Mdogo wako

6 Januari

Mdogo wangu,

Salamu. Mama Msomaji ameahidi kukupa hii mkononi, mlango ukishafunguliwa. Masharti yameisha, kwa hiyo naandika kama ninavyozungumza. Tangu Septemba nimekuandikia bei ya sabuni na ugomvi wa watoto kama ulivyotaka, na kila barua ilifika. Leo utasoma zilizobaki. Zile zilizorudi nimezifunga pamoja na hii, ukitaka utazisoma, usipotaka utazichoma.

Watoto hawajambo. Bi Mkubwa anaanza shule kesho, sare nimemshonea mwenyewe na kola imekaa sawa.

Mama alifariki tarehe kumi na moja Juni, mchana. Lilikuwa ini. Alijua tangu Machi na mimi nilijua tangu Machi. Nilikuwa nanyonyesha kwenye kiti karibu naye, na nilipoinua macho alikuwa ameshakwenda. Sikumwona akienda. Nilikuwa namtoa Bonge titi la kulia namweka la kushoto, ndivyo ilivyokuwa.

Watu watakuambia alikutaja mwishoni. Mama wa duka ameshaanza kusema hivyo, anadhani ni wema. Hakukutaja. Siku zake za mwisho hakumtaja mtu, alikuwa na kazi ya kuvuta pumzi na kazi hiyo ilimtosha. Zile salamu alizokunyima hakuzirudisha, na mimi siwezi kukupa zisizokuwa zangu. Nilifikiri kukuongopea hapa. Nilikaa na kalamu nikijaribu kutunga. Kila nilichotunga hakikuwa sauti yake, na wewe ungejua.

La pili utakuwa umeshalisikia hapo mlangoni. Safari ilifutwa Julai. Hakuna atakayekwenda kwenye lile bonde, si wewe, si Nahodha. Mtu wa Mawe ukimwona analia usimwambie ajikaze. Mwache.

Nilikuwa na hasira, mdogo wangu. Nilizishona kwenye kola, nilizipiga pasi, zimeisha. Sasa nimechoka tu. Nakupenda kama zamani, lakini sina kitu cha kukupa kitakachofanya hili liwe jepesi, na nakuomba usinitazame kama unayengoja nikitoe.

Ukishuka kwenye basi usije nyumbani kwanza. Nenda makaburini, yale ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwambie mlinzi unamtaka mama wa fundi pampu, ndivyo wanavyomjua. Kaa huko kadiri utakavyo. Wapo watu hutukana huko, wapo wanaonyamaza, hakuna atakayekuuliza. Chumbani kwa Mama sasa wanalala watoto, wewe utalala sebuleni. Sitakuuliza ulianza kujua lini.

Ni siku ya kazi, sitaweza kuja kukupokea, bosi hatoi ruhusa mwezi wa sare. Ufunguo uko kwa mama wa duka. Chakula kitakuwa kwenye sufuria ndogo. Kipashe, ujipakulie.

Mimi dada yako